Zoni ndogo inapita, kubwa inaganda: seva ya pili Kigamboni haipokei, na muda unaisha Jumatatu

mtunzaseva_ilala
Jumatano 12 Machi 2025, saa 3:40 usiku

Wakuu, habari za usiku, na Ramadhani njema kwa mliofunga. Ndiyo kwanza nimemaliza futari, nimekaa kuandika haya kwa sababu siwezi kulala nalo peke yangu.

Natunza mtandao wa zahanati yenye vituo vinne hapa Dar: makao yako Ilala, vingine viko Mbagala, Gongo la Mboto na Kigamboni. Seva kuu ya DNS (inayogeuza majina ya mashine kuwa anwani za namba) iko Ilala, 10.20.1.5. Ya pili iko Kigamboni, 10.20.7.5, ili wenzetu wa kule wapate majina ya vitu vya palepale, printa na mashine za maabara, hata mawasiliano ya kuvuka bahari yakiyumba. Zote ni Ubuntu 22.04 na programu ya DNS iitwayo BIND, toleo 9.18. Katikati ni VPN, njia yetu ya faragha inayopita juu ya intaneti ya kawaida.

Jumatatu saa nne asubuhi nilihamishia mfumo wa majibu ya maabara kwenye mashine mpya. Nikabadilisha rekodi moja tu ya A (ya jina kwenda anwani) kwenye zoni, yaani orodha ya majina yetu (nitaiita mfano.co.tz, jina la kweli nimelificha), nikapandisha siriali, namba ya toleo la zoni, kutoka 2025021402 hadi 2025031001, nikapiga rndc reload ili BIND iisome upya. Ilala ikajibu anwani mpya. Mbagala na Gongo la Mboto wanauliza Ilala moja kwa moja, nao wakapata. Jana jioni nikazima mashine ya zamani nikaenda nyumbani nikijua kazi imekwisha.

Leo saa moja na nusu asubuhi simu kutoka Kigamboni: majibu hayafunguki. Kina mama wa kliniki walikuwa wameshakaa kwenye benchi, na nesi akawa anasomewa vipimo kwa simu kutoka Ilala huku anaandika kwenye karatasi. Nilipoambiwa hivyo mwili ulikufa ganzi. Kipimo cha damu ya mtu hakisomwi kwa simu. Namba moja ikisikika vibaya, mtu anapewa dawa isiyo yake.

Kiraka nilichoweka: ile anwani ya zamani nimeiongeza kwenye mashine mpya, sasa inaitika kwa anwani mbili. Kigamboni wanafanya kazi. Ila zoni bado haijafika kule, na mchana nimevuka na pantoni kwenda kuangalia mwenyewe. Niliyoyakuta ni haya.

Nikiwa Kigamboni, `dig @10.20.1.5 mfano.co.tz SOA`, ya kuuliza rekodi yenye siriali, inajibu papo hapo na kuonyesha siriali mpya. Seva ya pili yenyewe inashikilia ya zamani. Kwa hiyo inajua kuna toleo jipya.

`dig @10.20.1.5 mfano.co.tz AXFR`, ya kuomba zoni nzima, inakaa kimya. Haikatai, haisemi REFUSED, haisemi chochote. Logi ya Ilala inaonyesha "AXFR started", na mstari wa kumaliza hauji. Logi ya Kigamboni inaonyesha imeunganishwa, halafu kimya.

Kinachonichanganya zaidi: zoni ya kinyume, ile ya kutoka anwani kwenda jina, yenye rekodi 12, niliibadilisha saa ileile na imefika Kigamboni bila tabu. Ni seva zilezile, ufunguo uleule wa TSIG (wa kutia saini ujumbe kati ya seva), allow-transfer ileile (ruhusa ya kuchukua zoni). Kubwa ina rekodi mia mbili na kitu.

Mengine mawili ambayo sijui kama yanahusiana. Nikiwa Ilala, SSH (ya kuingia kwenye mashine kwa mbali) ya kwenda seva ya Kigamboni inaganda kabla hata ya kuuliza nywila, nadhani mashine imezidiwa. Pia nimefungua faili la zoni kule Kigamboni kwa nano nikakuta takataka tupu, herufi zisizosomeka. Naogopa diski imeanza kufa.

Kwenye SOA yangu refresh ni sekunde 3600, retry 900, expire 604800. Hiyo ya mwisho ni siku saba, muda ambao seva ya pili huendelea kujibu bila kupata uhakika kutoka seva kuu. Nimehesabu tangu Jumatatu saa nne. Jumatatu ijayo, saa ambayo foleni ya wagonjwa imefika mlangoni, Kigamboni itaacha kujibu majina yote, si la maabara tu. Naombeni msaada.

---

fundi_tabata
Jumatano 12 Machi, saa 4:05 usiku

Pole sana dada. Kuhusu diski toa hofu. Tangu BIND 9.9 seva ya pili huhifadhi zoni kwa umbo la raw, siyo maandishi. Ukitaka kulisoma hilo faili piga:

`named-compilezone -f raw -F text -o /tmp/soma.txt mfano.co.tz faili_lako`

Utaona rekodi zako zote zimelala humo salama.

Kuhusu uhamisho, nakuuliza lile la kwanza ambalo kila mtu huuliza: poti 53 (mlango wa DNS) ya TCP iko wazi? SOA inakwenda kwa UDP, AXFR inakwenda kwa TCP, njia mbili tofauti za kutuma pakiti. Wengi hufungua UDP tu kwenye ruta wakaona majina yanajibiwa, wakaridhika.

La pili ni saa. Kwa kuwa unatumia TSIG, saa za seva mbili zikipishana zaidi ya sekunde 300 saini inakataliwa. Nilishawahi kuhangaika siku nzima kumbe mtu alipanga saa ya seva kwa kuangalia simu yake, saa za Dar, huku mashine imewekwa UTC. Tofauti saa tatu kamili. Ukishindwa kabisa weka allow-transfer any kwa dakika mbili uone kama inapita.

---

mtunzaseva_ilala
Jumatano 12 Machi, saa 4:20 usiku

Asante kaka kwa hilo la diski, umenitua mzigo. Nimemwomba mlinzi wa zamu aniwashie kompyuta ya mapokezi, nimeingia kule kupitia hiyo na kulisoma faili. Rekodi zote zipo.

Saa: zinapishana chini ya sekunde moja. Poti: TCP 53 iko wazi, maana zoni ndogo imepita kwa TCP hiyohiyo. Allow-transfer any sitaweka, hata kwa dakika mbili. Humo mna majina ya kila mashine tuliyonayo, kuanzia maabara hadi duka la dawa. Halafu haikatai, kaka. Ingekuwa ruhusa ingesema REFUSED. Hii inanyamaza.

---

poti53
Jumatano 12 Machi, saa 5:10 usiku

Dada, hapo kwenye "inanyamaza" ndipo pa kushika, na jibu umeshaliandika mwenyewe kwenye swali lako. Zoni ndogo inapita, kubwa inaganda. SSH inaganda kabla ya nywila. Hayo mawili ni ugonjwa mmoja, na hauko kwenye BIND. Pakiti kubwa hazipiti kwenye hiyo VPN yako.

Fikiria pantoni. Watembea kwa miguu wanapanda bila shida, bajaji nazo zinaingia. Lori refu likifika linatakiwa kurudishwa na kuambiwa hapa hupiti, punguza mzigo. Sasa kwako lori linaingia njiani na kupotea, wala hakuna anayemrudia mwenye mzigo kumwambia. Naye anapakia lilelile tena na tena, anangoja.

Ndivyo TCP inavyofanya hapo. Kupeana mikono mwanzoni ni pakiti ndogo, zinapita, ndiyo maana logi inasema imeunganishwa. Ombi la AXFR ni dogo, linafika Ilala, ndiyo maana unaona "started". Majibu ya zoni ndogo yanaingia kwenye pakiti moja isiyojaa, yanafika. Majibu ya zoni kubwa yanakatwa vipande vilivyojaa, baiti 1500 kila kimoja pamoja na vichwa vyake, na hivyo ndivyo vinavyomezwa njiani. Ujumbe wa ICMP wa kusema "ni kubwa mno, punguza" ama hautumwi ama kuna fayawoli inauzuia. BIND nayo ina subira. Kwa kawaida inangoja hadi dakika 60 bila kupokea kitu ndipo ikate, kwa hiyo utakaa muda mrefu bila kuona kosa lolote.

Pima. Ukiwa kwenye seva ya Ilala:

`ping -M do -s 1472 10.20.7.5`

Hiyo 1472 ukijumlisha vichwa 28 unapata 1500. Usipojibiwa, shuka: 1400, 1350, 1300. Tafuta namba ya mwisho inayojibiwa, halafu uongeze 28.

Na niambie kitu kimoja: njia ya intaneti ya Kigamboni ilibadilika lini?

---

mtunzaseva_ilala
Alhamisi 13 Machi, saa 2:15 asubuhi

Mkuu, nimesoma jibu lako wakati wa daku nikaamka kabisa.

Nimepima. 1472 kimya. 1400 kimya. 1350 kimya. 1300 inajibu. Nimepanda moja moja: 1332 inajibu, 1333 haijibu. Nimerudia mara kumi kila upande, namba haiyumbi. 1332 na 28 ni 1360.

Njia ilibadilika wiki ya tatu ya Februari. Waya wa faiba ulikatwa na watengeneza barabara karibu na kituo chetu, basi fundi wa nje akaja kuweka ruta ya laini ya simu, 4G, na VPN akaihamishia humo. Tangu hapo hatujarudi kwenye faiba. Mimi sikuigusa zoni kubwa tangu tarehe 14 Februari hadi Jumatatu hii.

Sasa nimeelewa, na ukweli kifua kimenibana. Wiki tatu nzima njia ilikuwa imeharibika, na kila saa moja seva ya Kigamboni ilikuwa inauliza "siriali ngapi?", inajibiwa ileile, inaridhika. Hakukuwa na kitu cha kuhamisha. Kwenye logi kila kitu kilionekana kizima.

Swali linalonibakia: kompyuta za mapokezi Kigamboni zimekuwa zikifungua kurasa za mfumo kupitia VPN hiyohiyo wiki zote hizo, na hakuna aliyelalamika. Kama pakiti kubwa zinamezwa, zenyewe zinapitaje?

---

poti53
Alhamisi 13 Machi, saa 3:00 asubuhi

Kompyuta za mapokezi ziko mtandao gani, na seva iko mtandao gani? Ingia kwenye ruta ya Kigamboni, tafuta sheria yenye neno MSS au TCPMSS, ile inayopunguza ukubwa wa vipande vya TCP.

---

mtunzaseva_ilala
Alhamisi 13 Machi, saa 4:30 asubuhi

Mapokezi ni 10.20.8.0/24. Seva ni 10.20.7.0/24.

Sheria ipo, na imeandikwa kwa 10.20.8.0/24 peke yake. Fundi aliyekuja Februari lazima aliona kurasa zinaganda siku ileile, akatibu kwa kompyuta za mapokezi, akaondoka. Mtandao wa seva hakuugusa. Hakuacha hata mstari mmoja wa maelezo, wala sisi hatukumwomba.

Nipe dawa kamili, mkuu. Na naomba ujibu na hili: je, nikipandisha expire kule Ilala kutoka siku saba hadi siku thelathini, nitapata nafasi ya kupumua?

---

poti53
Alhamisi 13 Machi, saa 5:20 asubuhi

Naanza na la expire, kwa sababu nimeona wengi wakijipa moyo nalo. Halikusaidii. Seva ya pili inahesabu kwa expire iliyo kwenye nakala yake yenyewe, ile ya tarehe 14 Februari. Hiyo mpya itaijua ikishapokea zoni, na kupokea ndiko kulikoshindikana. Pia kuona SOA yenye siriali kubwa zaidi hakuanzishi hesabu upya. Saa yake inarudi mwanzo pale tu siriali zinapolingana au uhamisho unapokamilika. Kwa hiyo hesabu yako ya Jumatatu saa nne ni sahihi, usiisogeze.

Dawa. Kwanza ruta zote mbili, Ilala na Kigamboni: MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) ya kiunganishi cha VPN iwe 1360. Pili, sheria ya MSS iwe ya kila mtandao unaopita humo, usitaje 10.20.8 wala 10.20.7. Ukitoa 40 za vichwa vya IP na TCP unabaki na 1320. Kama ruta ni Linux:

`iptables -t mangle -A FORWARD -p tcp --tcp-flags SYN,RST SYN -j TCPMSS --set-mss 1320`

Ifanye ibaki hata umeme ukikatika. Sheria nyingi za hivi hupotea ruta ikizimika, na kwetu ruta zinazimika.

Tatu, kama huwezi kugusa ruta leo, kwenye seva ya Ilala piga `sysctl -w net.ipv4.tcp_mtu_probing=1`. Hapo Linux ikiona pakiti kubwa hazijibiwi inapunguza yenyewe. Ni fimbo ya kutembelea tu, mguu bado unatakiwa kutibiwa.

Ukimaliza, nenda kwenye seva ya pili uombe zoni upya: `rndc retransfer mfano.co.tz`.

---

fundi_tabata
Alhamisi 13 Machi, saa 6:00 mchana

Mkuu poti53, heshima. Mimi nilikuwa nimekwama kwenye poti.

Naongeza akiba ya dharura, dada, ikitokea ruta zimegoma hadi Jumapili. Chukua faili la zoni la Ilala kwenye flashi, vuka nalo, uliweke kwenye seva ya Kigamboni, halafu kwenye mipangilio yake ibadilishe kwa muda iwe seva kuu ya zoni hiyo. Seva kuu haina expire. Likishatengemaa uirudishe. Na faili liweke /var/lib/bind, siyo /etc/bind: utakapoirudisha kuwa ya pili itahitaji kuliandika upya, na kwenye Ubuntu ulinzi wa AppArmor hauruhusu BIND kuandika kwenye /etc/bind. Utapoteza saa nzima ukitafuta kosa kwenye ruhusa za faili.

Halafu nashauri Ilala uwashe ixfr-from-differences. Kwa kuwa unahariri faili kwa mkono, sasa hivi BIND inatuma zoni nzima hata ukibadilisha mstari mmoja. Ukiiwasha itatuma mabadiliko peke yake.

---

poti53
Alhamisi 13 Machi, saa 6:25 mchana

Nakubaliana na fundi_tabata kwenye yote mawili, ila hilo la mwisho aliwashe baada ya njia kupona. Likiwa limewashwa, rekodi moja ikibadilika huingia kwenye pakiti ndogo na kupita hata njia ikiwa mbovu, kila mtu anafurahi, na ubovu haujulikani. Siku seva ya Kigamboni itakapohitaji zoni nzima, labda diski imebadilishwa, tutakuwa hapahapa tena, na pengine dada atakuwa likizo.

---

mtunzaseva_ilala
Ijumaa 14 Machi, saa 11:50 jioni

Wakuu, imepita!

Nilivuka tena leo baada ya swala ya Ijumaa, mvua inanyesha, laptopu nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni. MTU 1360 nimeiweka Ilala kabla sijaondoka, Kigamboni nikaweka na sheria ya MSS bila kutaja mtandao wowote. Sheria ya zamani nimeifuta. Kabla ya kufanya hivyo niliwasha tcpdump, ya kutazama pakiti zinazopita, kwenye seva ya pili ili nione kwa macho yangu. Upeanaji mikono ulikuwa unatangaza mss 1460, halafu ikaja pakiti moja fupi ya mkia wa ujumbe, na vipande vyote vya katikati havipo. Lile lori la mkuu nimeliona. Baada ya kubadilisha, ikatangaza 1320.

Nikapiga retransfer. Sikuwahi hata kuinua macho. Ujumbe 1, rekodi 236, sekunde 0.113. Siku tatu za roho juu kwa kitu cha sehemu moja ya tisa ya sekunde. Siriali Kigamboni ni 2025031001. SSH kutoka Ilala inaingia mara moja, kwa hiyo mashine haikuwa imezidiwa chochote.

Nimezima ruta kwa swichi na kuiwasha tena, mara mbili, mbele ya nesi wa zamu ili naye ajue. Sheria imebaki. Nimebandika karatasi ndani ya kabati la ruta: tarehe, 1360, 1320, na namba yangu ya ndani.

Kitu kingine nilichofanya ni hati ndogo inayouliza siriali kwa seva zote mbili kila dakika kumi. Zikipishana zaidi ya nusu saa, napata ujumbe kwenye simu. Nimeijaribu kwa kuzuia TCP 53 kwa makusudi kisha kubadilisha zoni, na ujumbe ulifika. Hati hii ndiyo iliyokosekana tangu mwanzo. Kuuliza kama seva ya pili inajibu hakutoshi, maana ilikuwa inajibu vizuri kabisa, anwani ya mashine iliyozimwa.

Limebaki moja. Ile anwani ya zamani bado iko kwenye mashine mpya kama kiraka. TTL ya rekodi (muda ambao kompyuta hulikumbuka jibu) ni saa moja tu. Niitoe leo usiku?

---

poti53
Ijumaa 14 Machi, saa 2:30 usiku

Hongera dada, na Mungu akulipe kwa uvumilivu. Leo usiitoe. Kesho kituo kinafanya kazi, na huenda kuna kompyuta au mashine ya maabara ambayo mtu aliiandikia anwani kwa mkono badala ya jina. Kesho washa tcpdump kwenye mashine mpya, uchuje anwani ile ya zamani, uone nani bado anaigonga. Wote wakishahama, itoe Jumapili wakati hakuna mgonjwa.

---

mtunzaseva_ilala
Jumamosi 15 Machi, saa 8:10 mchana

Ulijuaje, mkuu? Ipo moja. Kichanganuzi cha damu cha maabara ya Kigamboni, kimeandikiwa anwani kwa namba. Nimeongea na mtu wa maabara, kesho saa tatu asubuhi tunakibadilisha pamoja, yeye akiwa pale na sampuli ya kujaribia. Kisha ndipo naitoa.